Kibendera cha Ubao wa Posa

Katika nchi moja yenye amani nyingi, kiasi kwamba polisi walikuwa wakigombania wezi, Serikali iligundua kuwa maswali yanachosha.

Zamani raia akiuliza jambo, karani alishuka Masjala, akafunua majalada moja baada ya jingine, akahesabu, akapiga chafya, akaanza kuhesabu upya. Jibu lilipopatikana, muulizaji alikuwa ameshasahau swali au ameshazikwa. Mtukufu Rais akalitazama jambo hilo kwa jicho lake la huruma, akaamuru zijengwe mbao. Kila swali na ubao wake. Makarani wafunue majalada mara moja tu, waandike muhtasari ubaoni, kisha kila atakayeuliza asome ubao na asiwasumbue tena. Majibu yakawa yanapatikana kabla mtu hajamaliza kukohoa.

Mawaziri walizipenda mbao kupita kiasi, hasa kuzizindua. Waziri alizindua ubao mweusi tii, haujaguswa na chaki, akakata utepe, akahutubia saa mbili na kuondoka. Maandishi yangefuata. Raia masikini ya Mungu wakawa wanausoma ubao mtupu na kuelewa kwamba nchi haina ng'ombe, haina mvua, wala haina barabara. Kuhusu barabara walikuwa wamepatia, lakini kwa bahati tu.

Ndipo vikaletwa vibendera. Kila ubao ukasimikiwa mlingoti mfupi, kamba na kitambaa cha kijani. Kitambaa kikiwa juu, ubao umejazwa, uliza upendavyo. Kikiwa chini, ubao haujajazwa, na karani wa usomaji atakujibu kwa maneno yaliyowekwa na sheria: "Ubao huu haujajazwa. Omba ujazwe." Ukimuuliza zaidi ya hapo, atayarudia maneno hayo hayo polepole, ili uelewe.

Jambo moja lazima lifahamike, maana wageni hulikosea. Kibendera hakikuuliza ubao una nini. Ubao wa Mawaziri Waliojiuzulu kwa Hiari ulijazwa kwa uangalifu mkubwa, makarani sita wakapekua majalada yote, halikupatikana hata jina moja, na kibendera chake kikapepea juu kwa haki kabisa. Wala kibendera hakikuuliza ubao ulijazwa lini. Ubao wa Mavuno ulijazwa mwaka wa neema, miaka kumi na mmoja nyuma, na mwaka ule watu walipokuwa wakichemsha mizizi Waziri alisimama bungeni akasema, kwa kujiamini kabisa, kwamba maghala yamefurika na kibendera kiko juu, nani anabisha. Hakubisha mtu. Njaa ilikuwa uvumi, na ubao ulikuwa ubao.

*

Mshika kamba wa Jumba la Mbao aliitwa Pandu Vuai. Alikuwa kijana mrefu, mwenye shingo ya kiburi na mikono iliyotulia. Aliifanya kazi yake kwa heshima ya mtu aliyeshika hatamu za farasi wa mfalme. Nani mwingine, alijiuliza kila asubuhi, aliyeweza kulifanya jibu liwe jibu kwa kuvuta mkono mara moja tu?

Ila nchi haikumwona. Nchi ilimwona Hilali Msangazi.

Hilali alikuwa mwandishi wa mbao. Alikuwa na mwandiko wa kulazwa, herufi zimeinama kidogo kama watu wanaosikiliza siri, na juu ya kila ubao alitunga beti moja au mbili za kuupamba. Watu walikuja kuuliza idadi ya mbuzi wakaondoka wamekariri shairi. Wanawake walisimama mbele ya Ubao wa Mabomba Yaliyopasuka wakipumua kwa huzuni tamu. Pandu alisimama pembeni na kamba yake, na hata siku moja hakusikia mtu akisema: tazama kilivyopandishwa vizuri.

"Mwandiko gani huo," alimwambia karani wa usomaji, mzee Mkubwa Faki, aliyekuwa akimenya chungwa. "Herufi zimelala kama zina homa."

"Zinasomeka lakini," mzee Mkubwa alisema.

"Zinasomeka kwa sababu nimepandisha kibendera. Nisipopandisha, utasoma nini?"

"Sitasoma." Mzee akatema kokwa. "Lakini nitakuwa nimeziona, na ni nzuri."

Pandu hakumsemesha mpaka adhuhuri.

Hayo yote angeyavumilia kama si Sikudhani, mtunza majalada. Masjala ilitazamana na milingoti, na dirisha lake lilikuwa wazi tangu asubuhi, naye Sikudhani alikaa hapo na ushungi wake wa rangi ya kunde, akipiga mihuri kwa mkono mmoja na kula bisi kwa mwingine. Miezi mitano nyuma Pandu alimpelekea barua ya posa. Tangu siku hiyo alikuwa akisubiri, kwa sababu katika nchi ile mwanamke aliyeposwa hajibu kwa mdomo. Anaandika jibu katika jalada lake mwenyewe, na jibu linatambulika likishapanda kwenye Ubao wa Posa. Jibu la mdomo ni uvumi, na uvumi una kifungo. Mtunza majalada, tena, ameapa kwa kitabu.

Kwa hiyo kila asubuhi Pandu alisema, "Umeamkaje, Bi Sikudhani?" naye akajibu, "Salama, kaka Pandu. Kamba haijambo?" Katika maneno hayo matano Pandu alitafuta jibu lake kama mtu anayetafuta sindano ndani ya godoro.

Ubao wa Posa ulikuwa umejazwa mara ya mwisho miaka mitatu nyuma. Sasa tangazo likatoka kwamba utajazwa upya Alhamisi.

*

Jumanne, saa nne na robo, Pandu alimwona Hilali dirishani pa Masjala.

Alikuwa ameegemea kizingiti kwa kiwiko, kama mtu wa nyumbani. Mbele yao kulikuwa na jalada lililofunuliwa. Sikudhani alisema neno, Hilali akacheka. Hilali akasema neno, Sikudhani akajifunika uso kwa ushungi. Kisha Hilali akaanza kuhesabu kwa vidole, kidole kwa kidole, mpaka nane, akaanza tena mpaka nane, huku Sikudhani akitikisa kichwa na kumsahihisha.

Damu ya Pandu ilipanda mpaka nyuma ya macho. Wanahesabu nini? Siku za arusi? Wageni? Watoto?

"Mzee Mkubwa," aliita, "jalada lile ni la nani?"

Mzee alikaza macho. "La kijani, lina kona iliyoliwa na panya. La mwenyewe Sikudhani."

"Mwandishi wa mbao ana shughuli gani na jalada la mtu?"

"Labda anapenda kusoma."

Usiku Pandu hakulala, na Jumatano alifika kazini wa kwanza. Aliuona ubao wa Alhamisi kama umeshaandikwa: Sikudhani, ameposwa na Hilali Msangazi, amekubali, na juu yake beti, na watu wamejaa wakikariri, na yeye Pandu ndiye atakayevuta kamba kuufanya uwe kweli. Afanye yote, lakini hilo la kuwapandishia bendera ya arusi yao kwa mkono wake mwenyewe, hapana.

Saa mbili kamili akaushika mlingoti wa Ubao wa Posa, akalegeza fundo, na kibendera kikashuka.

*

Mtu wa kwanza kugundua alikuwa shangazi mmoja aliyekuja na pete, wali wa nazi ukiwa jikoni na bwana arusi akiwa ameshapakwa hina. Alitaka tu asomewe ubao ili ndoa ifungwe.

"Ubao huu haujajazwa," alisema mzee Mkubwa. "Omba ujazwe."

"Haujajazwa vipi, baba? Si huo hapo? Jina la mwanangu lile, mstari wa nne."

Mzee Mkubwa aliutazama mstari wa nne, akakitazama kibendera. "Naliona, mama. Lakini kibendera kiko chini. Kwa hiyo silioni."

"Macho unayo."

"Ya kwangu binafsi. Ya kazi yananiambia hakuna kitu."

Kufikia adhuhuri kulikuwa na mabwana arusi tisa uani, wawili wamepanda punda waliovishwa shada za asumini, na punda walikuwa wameanza kulana shada. Wapiga tarumbeta wakagombana na wapiga ngoma kuhusu nani aondoke kwanza. Waziri wa Majibu, Mheshimiwa Tambwe Lukanza, akaja mwenyewe na kamati yake, akasimama mbele ya ubao uliojaa maandishi na kibendera kilicholala chini, akapapasa tumbo kwa fikra.

"Ndugu wajumbe," alisema, "hapa tuna vitu viwili vinavyobishana. Ubao unasema umejaa. Kibendera kinasema hapana. Nauliza: kati ya hivi viwili, kipi ni chombo cha Serikali cha kuthibitisha?"

"Kibendera," walijibu wajumbe.

"Kwa hiyo ubao unasema uongo. Ufutwe."

Ukafutwa kwa vitambaa vya maji, posa za miaka mitatu nyuma zikatiririka mtaroni. Shangazi alikaa chini akauangalia mstari wa nne ukipita. Pandu naye alipigiwa makofi, akapewa hati ya kusifiwa kwa ukakamavu, kwa sababu ndiye peke yake aliyetambua kwamba ubao haukuwa na kitu. Jina lake lilitajwa hadharani mara tatu. Alimtazama Hilali kwa pembe ya jicho, kuona kama ameumia.

Hilali alikuwa amekunja uso. "Mheshimiwa," alisema, "nilikuwa niujaze kesho kwa njia ya upole, watu wakiendelea kusoma, mwishoni kibendera kivutwe upya."

"Njia ya upole ni ya mbao zenye kibendera juu," Waziri alisema. "Unalinganisha la zamani na jipya, mstari kwa mstari, unabadilisha palipobadilika. Huu wa kwako una nini cha kulinganisha? Utajazwa kwa mlango. Mlango unafungwa, hasomi mtu, hatoki mtu, mpaka mwisho."

Na hivyo Alhamisi, saa moja asubuhi, majalada ya nchi nzima yalipigwa muhuri wa kuanzia. Sheria ya kujaza kwa mlango ni moja: kila jalada linanakiliwa lilivyokuwa saa moja. Likibadilika saa mbili, shauri lake. Nakala zikaingizwa ukumbini, Hilali akaingia na chaki zake, na mlango ukakomewa.

*

Hapo Pandu alikuwa amewachelewesha kama alivyotaka, na alipaswa kutulia. Lakini mwenye wivu hatulii mpaka aoneshe alivyo na haki. Saa nne alikwenda dirishani, hati yake ya sifa chini ya kwapa.

"Bi Sikudhani."

"Kaka Pandu. Hongera ya hati."

"Nimewachelewesha, naona. Wewe na mshairi wako."

Sikudhani aliacha kutafuna bisi. "Mshairi wangu nani?"

"Niliwaona Jumanne. Mnahesabu vidole, mnacheka. Mkadhani nimesimama pale kama nguzo. Basi nguzo imeshusha kibendera."

Uani bwana arusi mmoja alikuwa akimbembeleza punda.

"Ni wewe?" alisema Sikudhani. "Kwa kusudi? Watu tisa, arusi tisa?"

"Kumi, na ya kwenu."

Sikudhani hakupandisha sauti. Alifungua saraka, akatoa jalada la kijani lenye kona iliyoliwa na panya, akalitua juu ya kizingiti, mahali palepale kiwiko cha Hilali kilipokuwa. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya jibu, yenye tarehe ya miezi mitano nyuma, siku moja tu baada ya barua ya Pandu. Sikudhani: ameposwa na Pandu Vuai, amekubali. Na chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa kulazwa uliofutwafutwa na kusahihishwa:

Kibendera kitambaa, kamba yake mkononi,
Juu sana kikikaa, natazama dirishani,
Pandu mwenye kunifaa, nimemweka jaladani,
Jina lake litang'aa, likipanda ubaoni.

"Mizani," alisema Sikudhani. "Tulikuwa tunahesabu mizani. Maneno yangu, yeye ananipangia. Nilitaka siku ukivuta kamba ile, uinue macho usome. Miezi mitano nimeufunga mdomo wangu kwa sababu nimeapa. Ningeweza kukuzindua kwa kukonyeza jicho tu, sikukonyeza."

Pandu alisoma ubeti mara ya pili. Aibu ilimpanda, lakini, Mungu atuhifadhi, mbele ya aibu ulitangulia wivu: kwa nini alimwomba Hilali? Kwa nini ubeti huu usingetungwa na mtu mwingine?

Akakosea akalisema kwa sauti. "Angalau ungeniuliza mimi nikutungie."

Sikudhani alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma ubao wa zamani na kutambua tarehe. Kisha akaichomoa karatasi kutoka jaladani, akaichana mara mbili, akaweka vipande kwenye bati la bisi. Akachukua muhuri, akapiga: limeondolewa, saa nne na nusu. Akafunga dirisha.

*

Alasiri mlango ulifunguliwa. Ubao wa Posa ulitoka umejaa, unanukia chaki mbichi, mzuri kuliko mbao zote zilizowahi kuandikwa. Hilali alikuwa na unga mweupe mpaka kwenye kope. Na katikati, mstari wa kumi na saba, kwa kuwa saa moja asubuhi karatasi ilikuwa bado jaladani, uliandikwa: Sikudhani, ameposwa na Pandu Vuai, amekubali. Na ubeti wote wa mishororo minne juu yake.

"Pandisha," alisema Waziri.

Pandu aliitazama Masjala. Dirisha lilikuwa limefungwa. Alijua kilichomo kwenye bati la bisi, na katika nchi nzima waliojua hayo walikuwa wawili tu. Kisha akamtazama Hilali, mkono wake ukaenda wenyewe, na kibendera kikapanda haraka kuliko siku yoyote.

Watu walipiga vigelegele. Mabwana arusi wakaondoka na punda wao. Mzee Mkubwa alimshika Pandu mkono akamwambia, "Hongera, mwanangu. Leo nimeliona jina lako kwa macho yote mawili."

*

Kesho yake Sikudhani alikuja mpaka kwenye mlingoti.

"Shusha," alisema.

"Ubao umejazwa."

"Umejazwa uongo."

"Umejazwa saa moja. Saa moja ilikuwa kweli."

"Kaka Pandu, jaladani hamna kitu. Kashike ukaone."

"Majalada hayaulizwi. Unaijua sheria kuliko mimi."

Sikudhani akaenda kwa Waziri. Mheshimiwa Tambwe Lukanza alimsikiliza kwa upole, akamletea chai, akamweleza kwamba ubao uliojazwa jana hauwezi kuwa na kosa, kwamba zamu nyingine ya kujaza ni baada ya miaka mitatu, na kwamba mabibi arusi wengi huingiwa na woga.

Mtaa mzima ukamwita mke wa Pandu. Wauza samaki walimpimia vibua vya watu wawili. Wanaume walioweza kumtaka walisoma mstari wa kumi na saba wakaondoa macho. Serikali, ambayo haisahau watu wake, ilimletea Pandu zawadi ya arusi: mto mmoja mrefu wa kulaliwa na vichwa viwili, umedariziwa nembo ya taifa.

Pandu alilala upande mmoja wa nembo. Kila asubuhi alikuta watu wamesimama mbele ya ubao, wakikariri ubeti. Wageni kutoka mikoani walimwambia, "Wewe ndiye yule? Una bahati wewe," naye akaitikia kwa kichwa. Akivuka ua, dirisha la Masjala lilifungwa kabla hajasema umeamkaje. Miezi saba ikapita hivyo.

Ikaanza taratibu. Mwanzo aliona tu kwamba yule Pandu wa ubaoni ameandikwa vizuri sana, shingo ya herufi ya kwanza imenyooka. Kisha akaona yuko karibu mno na jina la Sikudhani, hakuna hata upana wa kidole kati yao. Mvua iliponyesha wakafunikwa turubai moja, wawili pamoja, na Pandu akabaki nje analowa, kamba mkononi. Akawaza: huyu bwana amefanya nini cha kustahili? Hajawahi kusimama juani. Hakuandika barua. Hakuumia miezi mitano. Ametokea tu siku moja na chaki, akakubaliwa, na dirisha halikufungwa usoni pake hata mara moja.

Akaanza kupita mbele ya mstari wa kumi na saba bila kuutazama. Akaanza kuutazama bila kupita. Hilali alimsahau kabisa. Hilali alikuwa mtu wa nyama, anaweza kuchekwa, anaweza kuzeeka. Yule mwingine hazeeki.

Jumatatu moja mwalimu mmoja alileta wanafunzi wake kuusoma ubeti. "Huyu Pandu," aliwaambia, "lazima alikuwa mtu mwema sana."

Pandu aliyasikia hayo yupo hatua tatu. Akauendea mlingoti, akalegeza fundo, kibendera kikashuka mpaka chini, kikamgusa kiatu.

Mzee Mkubwa aliacha chungwa katikati. Akawageukia wanafunzi, akakohoa. "Ubao huu haujajazwa," alisema. "Omba ujazwe."

Dirisha la Masjala lilifunguka. Sikudhani alitoka, akavuka ua, akasimama akakitazama kitambaa.

"Umenishushia mimi?" aliuliza.

Pandu angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari ulimini, na lilikuwa zuri. "Hapana," alisema. "Nimechoka kumwona yule bwana na wewe."

"Bwana yupi?"

Akaelekeza kidevu kwenye mstari wa kumi na saba. Sikudhani aliutazama mstari, akamtazama yeye, akautazama mstari tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Akajifunika uso kwa ushungi, kama Jumanne ile, akacheka mpaka akashika mlingoti asianguke. Na Pandu alisimama hapo, shingo imekaza, hajui kama amesamehewa au amedhihakiwa, ila kwa mara ya kwanza kicheko kile kilikuwa chake na si cha mtu mwingine.

Kamati ikaja na vitambaa vya maji. Mstari wa kumi na saba ukatiririka mtaroni pamoja na ubeti wake. Sikudhani alirudi Masjala, akafungua saraka, akatoa jalada la kijani lenye kona iliyoliwa na panya. Dirisha aliliacha wazi. Pandu alimwona akichovya kalamu, akifikiri, akihesabu kwa vidole mpaka nane, peke yake, kisha akiandika.

Aliandika nini? Sisi nasi tulitaka kujua, tukaenda mpaka Jumba la Mbao kuuliza kwa adabu. Tulijibiwa kwamba ubao haujajazwa.